Uma au Shokapu?

Katika gereji za Tabata, jijini Dar es Salaam, mafundi wa pikipiki hutumia neno moja, shokapu, kwa vifaa viwili: kile cha nyuma, na miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo, kwa upande wake, huandika "uma wa mbele", na fundi asimwelewe. Je, nani amekosea?

Kwa maoni yetu, hakuna aliyekosea. Uma ni umbo zima lenye panda mbili, kama ule wa baiskeli. Shokapu ya mbele ni kila mguu wa uma huo, wenye bomba la ndani, bomba la nje, springi, oili na sili. Maneno haya yasishindanishwe, bali yagawiwe kazi.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Mwenye pikipiki ya zamani, ambayo vipuri vyake ni adimu, hununua kwa jina na kwa kipimo. Akiagiza "sili ya shokapu" bila kutaja kuwa ni ya mbele, wala kipenyo cha ndani, mathalani milimita 31, cha nje, mathalani 43, na unene wake, huenda akaletewa isiyoingia. Aidha, bomba la ndani likiwa na vidonda vya kutu, sili mpya huchanika, na oili huweza kuvuja hadi kwenye breki.

Hivyo twawasihi wafasiri na walimu: kabla ya kubuni istilahi, tuanzie gereji.