Homa Haitoki kwa Jasho

Halipiti juma ila anitokee mtu kuniuliza ni hila gani itakayomtia ari ya kukimbia asubuhi anapoamka na homa, viungo vikimuuma na kinywa kikiwa kichungu, kwani amehakikishiwa na wenziwe wa mazoezini ya kwamba mwenye kukimbia hata akalowa huitoa homa pamoja na jasho. Suali hili limekwisha nichosha, hususan kwa yakini aliyo nayo kila anayeliuliza.

Itikadi hii ina asili, na nadhani asili yake ni malaria. Mgonjwa hushikwa kwanza na baridi ya kutetemesha, kisha joto kali, na mwisho humtoka jasho jingi, homa ikashuka, naye akalala; basi watazamao, kwa kuwa waliona jasho na nafuu vikija pamoja, wakalidhania jasho kuwa ndilo lililoleta nafuu. Lakini homa ni amri ya ubongo, ambao kwa kuchochewa na maradhi huipandisha kadiri ya joto unayoitaka mwilini. Amri hiyo ikitenguliwa, mwili hujikuta una joto kupita haja, ndipo ukatoa jasho ili upoe. Anayelishukuru jasho ni kama anayemshukuru tarishi kwa kuiandika barua aliyoileta. Jasho lenyewe ni maji na chumvi kidogo, ilhali vimelea vya malaria hukaa kwanza katika ini, kisha ndani ya chembe nyekundu za damu, wala havina njia ya kutokea vinyweleoni, hata ukikimbia kutoka Kinondoni mpaka Bagamoyo.

Lau upotofu huu ungekuwa hauna madhara, ningenyamaza. Kila digrii moja ya homa huongeza takriban mapigo 10 ya moyo kwa dakika, hata mgonjwa akiwa amelala. Na virusi kadhaa, vikiwamo vya mafua makali na vya Uviko, mara nyingine huivimbisha misuli ya moyo wenyewe, ikawa mbio zaweza kumwangusha kijana asiyejulikana kuwa na ila yoyote. Amezaye panadol homa ishuke, akavaa raba akatoka, ameificha dalili tu. Fauka ya hayo, katika dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, aghalabu ni siku homa inaposhuka ndipo mishipa ya aliyezidiwa huanza kuvujisha maji ya damu.

La kufanya ni jepesi. Una homa, kikohozi cha kifuani, kuharisha au maumivu ya mwili mzima: pumzika, kunywa maji, ukapimwe damu siku hiyohiyo, na ukikutwa na malaria, maliza dozi ya dawa mseto. Mafua ya puani bila homa: tembea dakika 10, ukizidiwa rudi. Uchovu wa kazi: hapo ari ina mahali pake, toka, ufanye nusu ya kawaida yako. Uchovu usiokwisha kwa majuma: kapimwe wingi wa damu na sukari. Ukipona, rudi kidogo kidogo, na kifua kikiuma, simama umwone daktari.

Shirika la Afya Duniani huwataka watu wazima wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Za juma uliloumwa hulazimiki kuzilipa.