Songea: Mji wa Mashujaa na Fuvu Linalosubiriwa

Jina la Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, limekuwa likisikika mara kwa mara katika habari, na baadhi ya wasomaji wetu wa visiwani wameuliza kisa chake na linatuhusu nini. Tunaeleza kwa ufupi.

Songea ilikuwa kitovu cha Ungoni kabla ya ukoloni. Wengi hudhani Songea Mbano alikuwa mfalme wa Wangoni. Alikuwa nduna, yaani jemadari, na mfalme (Nkosi) wa Njelu alikuwa Mputa Gama. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897, walilijenga karibu na makazi ya Songea, na mji ukachukua jina lake.

Visiwani hatuko mbali na historia hiyo. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka Ungoni na Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, kisha majahazi yakavuka kuja Unguja. Baadhi ya waliovushwa walibaki hapa, wakasilimu, wakaoa na kuolewa. Tusidhani basi kwamba tunasoma habari za watu wa mbali.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi Julai 1905, kwa sababu ya kulazimishwa kulima pamba, kodi na viboko. Vilipofika Ungoni, Wajerumani walijibu kwa bunduki na kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi zaidi ya 60 walinyongwa Songea. Leo mahali hapo pana kaburi la pamoja na Makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka.

Ukoo wa Songea Mbano unasimulia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo huo, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu. Kazi hiyo si nyepesi. Huko Berlin yalichunguzwa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na mengi hayana jina. Hata hivyo, Septemba 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa watu watatu wa Kilimanjaro na Meru. Matumaini yapo.

Dini yetu inasemaje? Allaah Ametukuza wanaadamu wote, kama ilivyo katika Suratul Israa, Aayah ya 70. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alitufundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai, na alisimama lilipopita jeneza la Yahudi, kwa kuwa ile nayo ni nafsi. Kwa hivyo kichwa cha mtu kuwekwa kabatini kama kifaa ni dhulma, awe Muislamu au asiwe. Haki yake ni kurejeshwa kwa watu wake na kuzikwa. Ikithibiti kuwa sehemu ya mwili ni ya Muislamu aliyekufa, katika madhehebu ya Shaafi‘iy huoshwa, hufunikwa, huswaliwa na kuzikwa.

Tunawanasihi wazazi wenye watoto wanaosoma habari hizi skuli wawaeleze mambo mawili. Kwanza, kumuunga mkono mwenye kudai mfupa wa babu yake ni kusaidia haki. Pili, kaburi huzuriwa ili tukumbuke mauti, si kuomba haja kwa aliyelala humo. Na anayekwenda Songea aingie makumbusho, asome majina yale kwa utulivu, kisha ajiulize nyumbani kwao walitoka wapi.

Na Allaah Anajua zaidi.