Tumbo Linalosokota na Dawa za Ayurveda

Mwenye IBS, yaani ugonjwa wa utumbo unaosumbua (irritable bowel syndrome), huumwa tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na maumivu hayo huandamana na choo: mara anaharisha, mara anafunga choo. Akipimwa, hakionekani kidonda wala uvimbe, na wengi hurudi nyumbani wakidhani wameambiwa wanajifanya. Hapo ndipo baadhi yao hugeukia Ayurveda, tiba ya kale ya India. Sioni faida ya kubishana kama tiba hiyo inafaa au haifai. Ndani yake mna vitu vingi, na kila kimoja kinastahili kupimwa peke yake.

Chukua isabgol, mojawapo ya vitu hivyo: ni maganda mepesi ya mbegu ambayo yakiingia kwenye maji huvimba na kuwa ute. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 275 waliopewa, kwa wiki 12, gramu 10 kwa siku za isabgol, pumba za ngano, au unga wa mchele tu. Isabgol ilileta nafuu. Pumba ziliwazidishia baadhi yao dalili, wakaacha mapema. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa ale nyuzinyuzi, bila kumtajia zipi, kwaweza kumuumiza.

Wapo wanaosema dawa ya asili haina madhara. Mwaka 2004 dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston zilipimwa, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Wengine hudai kuwa Ayurveda humtibu mtu kwa ujumla wake, haigawanyiki vipande. Hoja hii ina uzito. Katika utafiti wa Marekani wa 2008, wagonjwa 262 wa IBS waligawanywa: waliosubiri tu, asilimia 28 walipata nafuu ya kuridhisha, waliofanyiwa akupancha ya kuigiza, 44, waliofanyiwa hiyohiyo na mganga aliyewasikiliza kwa utulivu, 62. Kusikilizwa, basi, ni sehemu ya tiba, na daktari yeyote anaweza kumpa mgonjwa wake bila kumuuzia unga usiojulikana.

Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu au dalili zinazoanza baada ya umri wa miaka 50 zichunguzwe hospitali kwanza. Asiye na hayo aanze na kijiko kimoja cha chai cha isabgol, aongeze taratibu, na kila mara anywe na glasi nzima ya maji, kwani ikimezwa kavu inaweza kukwama kooni.