Kuku wa Kishingo: Ni Urithi, Siyo Ugonjwa

Bila shaka umemwona kuku mwenye shingo tupu. Ndiye kishingo. Wapo wanaosema anaumwa. Siyo kweli. Amezaliwa hivyo.

Kifaranga hupata mbegu mbili za urithi wa shingo. Moja ya baba, moja ya mama. Mbegu ya shingo tupu ina nguvu: ikiwapo hata moja, shingo hubaki tupu. Mtazame kuku wako. Akiwa na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, kwa kawaida ana mbegu moja. Shingo ikiwa tupu kabisa, anazo mbili. Jogoo mwenye mbili atazaa vishingo watupu, hata kama tetea ana manyoya kamili. Mwenye moja, akipanda tetea huyo, karibu nusu tu ya vifaranga watakuwa vishingo.

Sasa, je, jogoo huyo anatufaa? Kishingo ana manyoya machache mwili mzima. Kule chini Bonde la Rukwa, kwenye joto, hiyo ni faida. Lakini huku juu Sumbawanga, baridi ya Juni na Julai tunaijua wenyewe! Ukimfuga, ziba upepo bandani, hasa kwa vifaranga.

Mexico na Peru wapo hata mbwa wasio na manyoya kwa urithi. Kwao mbegu moja hutoa mbwa mtupu; akipata mbili hufa tumboni. Ila mbwa wako anayenyonyoka huku akijikuna, huyo hakurithi kitu. Huenda ana ukurutu, nao huweza kuwawasha watoto. Mwone bwana mifugo.