Je, Wajua? Jenereta Isiyopiga Kelele

Stima ikipotea sokoni Gikomba, jenereta ya kawaida hunguruma vilevile, iwashe balbu moja au iendeshe cherehani tano. Stima ya Kenya ni ya hezi 50. Ili kuitoa, injini ndogo za aina hii kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, mzigo uwe wowote. Lakini jenereta ya inveta, ambayo hutengeneza hezi hizo kielektroniki, hupunguza mwendo na kelele mzigo unapopungua. Hiyo ndiyo ya kubeba kambini! Lakini desibeli zilizoandikwa kwenye boksi zisikuhadae: muulize muuzaji zilipimwa kutoka umbali gani, na kwa mzigo upi. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kelele takriban maradufu. Na hata iwe kimya vipi, moshi wake huua. Iweke mbali na hema.