Mwiko, Mzio na Kishikio cha Kingamwili

JUMA lililopita nilipanda milima ya Mbooni hadi Kikima kumjulia hali mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutunza panya weupe katika maabara moja jijini. Amerudi akipiga chafya, kifua kinambana. Daktari ameandika 'mzio wa panya'. Dada yangu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, amevunja mwiko gani huko?"

Sikucheka. Kwa asili mzio ni kitu, aghalabu chakula, ambacho mtu hukiepuka kwa sababu ya mila au afya. Leo neno lilo hilo tumelitwika pia jinsi mwili unavyokichachamalia kitu kisichowadhuru wengine.

Basi nikamweleza. Kinachomchokoza kijana hasa ni protini iliyomo katika mkojo wa panya, iitwayo Mus m 1. Mkojo ukikauka hupeperuka na vumbi, naye akalivuta. Mwili wake umeunda kingamwili za aina ya IgE za kuinasa. Lakini kingamwili haikumbatii protini nzima. Hushika mahali padogo tu. Vitabuni mahali hapo huitwa epitopu. Mimi napendelea kishikio. Nani asiyejua sufuria hushikwa wapi?

Kukisaka ndiyo kazi. Mwaka 1984 Mario Geysen na wenzake walichunguza kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo, huu unaowasumbua ng'ombe wetu. Waliunda vipande vinavyopishana vya protini yake, kila kimoja asidi amino sita, wakatazama kingamwili zinanasa kipi. Njia hiyo hutumika kwa mzio pia, ila ina dosari. Protini hujikunja, na kama ilivyo kwa uzi wa kiondo, sehemu zilizokuwa mbali hujikuta bega kwa bega. Kishikio cha namna hiyo hakionekani kwenye vipande. Hapo hulazimu kubadilisha asidi amino moja moja katika protini nzima, na kuona kingamwili zinaponyokwa wapi. Wakikijua, watafiti huweza kuunda protini isiyoshikika vyema na IgE, kwa matumaini ya kuuzoeza mwili bila kuuchokoza.

"Kwa hivyo si mwiko?"

"Si mwiko, dadangu."

Mpwa wangu ameniomba nimsaidie kumwandikia mwajiri barua, ahamishwe kutoka vizimbani. Protini ya panya nitaiita 'kichochezi cha mzio'. Neno 'mzio' nitaliweka kwenye kifua chake tu.