Mechi imeisha saa 7 usiku, unalalaje sasa?

Kwa shabiki wa Afrika Mashariki, Ligi ya Mabingwa Ulaya ni mashindano ya kukesha. Kipindi chao cha baridi, mechi kubwa inaanza saa 5 usiku kwa saa zetu. Filimbi ya mwisho inalia karibu saa 7. Ikienda dakika 30 za nyongeza na matuta, ndo basi tena. Halafu saa 12 asubuhi kuna mtu anatakiwa awe barabarani na bodaboda, mwingine yuko uwanjani anakimbia mazoezi ya akademi.

Wenzetu wanaocheza hizo mechi hawachukulii usingizi kama mchezo. Miaka ya 1990 mwishoni, Manchester United ya Sir Alex Ferguson ilianza kumtumia Nick Littlehales, jamaa aliyetoka kwenye biashara ya magodoro, kama kocha wa usingizi. Wengi walicheka. Baadaye Real Madrid nayo ikamwita. Erling Haaland naye ameshasema hadharani kwamba usiku anavaa miwani ya kuzuia mwanga wa bluu kabla ya kulala.

Somo la Littlehales linaeleweka hata kijiweni. Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90, kama mechi. Anashauri mizunguko mitano kwa usiku, yaani saa saba na nusu, na kuamka muda uleule kila siku. Unaamka saa 12? Rudi nyuma: unatakiwa uwe umelala saa 4:30 usiku.

Siku ya mechi je? Ukilala saa 7:30 unabaki na mizunguko mitatu. Hapo wengi wanakosea, wanalala hadi saa 4 asubuhi, usiku unaofuata hawapati usingizi, na wiki nzima inavurugika. Littlehales anahesabu kwa wiki, mizunguko 35. Amka muda wako wa kawaida, piga usingizi wa nusu saa baada ya chakula cha mchana, kesho yake wahi kitandani.

Kinachoua zaidi, kwa maoni yangu, ni kile kinachofuata baada ya mechi. Mtu anarudi toka kibanda umiza, anaingia kitandani na simu: marudio ya magoli, kuangalia mkeka ulichanikia wapi, kutukanana na watani kwenye kundi la WhatsApp. Mwanga wa simu unauchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayouambia kuwa ni usiku. Hasira za penalti nazo zinamaliza kazi. Iache simu sebuleni, ikae na chaja yake. Oga, washa feni kama ipo, zima taa.

Na ile kahawa ya saa 4 usiku ya kusubiria mechi? Baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vilevile. Bia inakulaza haraka, kweli, lakini usingizi wake unakatika-katika.

Kwa wanaocheza, hasara inapimika. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliwafuatilia wachezaji 11 wa kikapu walioambiwa walenge saa 10 kitandani. Matokeo yakatoka 2011: mbio zao za kasi zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru ikaongezeka usahihi kwa asilimia 9. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2014, uliangalia wanamichezo 112 wa shule. Waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa mara 1.7 zaidi wa kuwa wameumia.

Kwa hiyo kocha wa vijana anayewaanzisha mazoezi saa 12 asubuhi, siku ya pili baada ya nusu fainali, kabla hajamfokea winga wake kwa uvivu, amuulize kwanza jana alilala saa ngapi. Mazoezi yenyewe yanaweza kusogezwa hadi saa 10 jioni, uwanja haukimbii.